Kuijua Samadi Kabla Haijashushwa

Muuzaji wa samadi huanza na rangi. Atazamisha koleo kwenye lundo, ainue bonge jeusi, alisugue kiganjani mbele yako na kusema, "Hii imeiva, mzee wangu." Usimbishie, ila usitoe hela bado. Weusi hauna kazi kuupata. Samadi iliyolala dimbwini bila hewa huwa nyeusi tii huku sehemu kubwa ya naitrojeni yake imeshapotea. Iliyokwanguliwa pamoja na udongo wa mbuga huwa nyeusi kuliko zote, na hapo unanunua mbuga. Iliyoiva vizuri mara nyingi ni ya kahawia iliyokolea, na huwezi tena kutambua kipi kilikuwa kinyesi na kipi kilikuwa jani.

Mfuko wa yurea una namba, 46, yaani asilimia 46 ya naitrojeni. Samadi haina namba. Hata hivyo namba nayo si kinga: mwaka 2024 wakulima wa Kenya waligundua kwamba baadhi ya mifuko ya ruzuku waliyouziwa haikuwa na kitu kinachostahili kuitwa mbolea. Samadi angalau inakubali kuchunguzwa na yeyote mwenye pua, vidole, chupa ya maji na siku chache za subira.

Mimi huanzia zizini, kabla hata ya kuliona lundo. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe hupita kwenye mkojo, na potasiamu nyingi imo humo humo. Fosforasi ndiyo hubaki kwenye kinyesi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye mifugo ni hili: mkojo unakwenda wapi? Kama unafuata mteremko hadi barabarani, samadi yake ni nusu samadi. Kama ng'ombe wanalalia majani makavu, mabua ya mahindi au pumba za mpunga, malalo hayo yanaunyonya na kuushika. Inama uchukue bua la chini kabisa, ulivunje katikati. Likiwa limelowa na kubadilika rangi mpaka kwenye kiini, hapo kuna mali.

Wakara wa kisiwa cha Ukara, jirani na Ukerewe, walilijua hili zamani kabla ya afisa ugani yeyote. Ardhi yao ni finyu na watu ni wengi, hivyo ng'ombe walifungwa ndani, kwenye shimo lililochimbwa chini ya paa, wakaletewa majani ya kula na ya kulalia, na samadi ikawa inapanda chini ya kwato zao hadi siku ya kuzolewa. Mvua haikuifikia na mkojo haukuwa na pa kwenda. Sijaona ubunifu wa kisasa uliouzidi mpango huo kwa mbali. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ambako ng'ombe pia hufugwa ndani na samadi huenda kwenye migomba na kahawa, banda huwa zuri lakini lundo la nje ndilo huachwa wazi. Mvua za masika zinaliosha. Tazama chini ya lundo: maji ya kahawia yanayochuruzika kuelekea kwa jirani ndiyo mbolea yenyewe.

Samadi ya maboma ya Wamaasai, ile inayopakiwa kwenye malori Kajiado na Narok kwenda kwa wakulima wa Kiambu, inataka kipimo kingine. Haina paa wala malalo. Lakini huko mvua ni haba, tabaka za miaka mingi zimeshindiliwa na kwato, na kinyesi cha mbuzi na kondoo kwa kawaida kina naitrojeni nyingi kuliko cha ng'ombe. Kwa maoni yangu boma kavu la mbuzi hulishinda lundo la milimani lisiloezekwa, na wanaolidharau kwa sababu ni la vumbi wanakosea. Adui yake ni mchanga. Wapakiaji hukwangua mpaka wafike ardhini, na koleo za mwisho ni udongo uliopandishwa cheo.

Mchanga haufichiki ukitafutwa. Tia konzi mbili za samadi kavu kwenye chupa ya lita moja na nusu, jaza maji robo tatu, tikisa kwa nguvu, kisha iweke chini. Nyuzi na majani yataelea, maji yatabaki na rangi, na mchanga utatua ndani ya dakika moja. Tabaka jembamba ni la kawaida. Likifika unene wa vidole viwili, mwambie dereva ageuze gari. Wazee wengine hawana haja ya chupa: wanaisaga samadi kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na sikio, na kusikiliza mkwaruzo. Wapo pia wanaoipima kwa meno, jambo ambalo siwezi kumshauri mtu aliyekwisha kunywa chai.

Pua inahitaji kufundishwa upya, kwa sababu wengi hudhani ukali ndio nguvu. Harufu inayochoma macho ni amonia, naitrojeni ikipaa mbele yako. Unachokinusa hakitafika shambani. Harufu ya mayai viza inakuambia lundo limekosa hewa, na dawa yake ni kuligeuza. Iliyoiva hunukia ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ukitilia shaka, chukua kiasi chenye unyevu, kifungie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kiweke kivulini siku tatu au nne, kisha fungua. Ikinuka vibaya, kazi ya kuoza bado inaendelea.

Joto ndilo linalodanganya wanunuzi wazoefu. Chonga kijiti kirefu, kichomeke kwa mshazari hadi moyo wa lundo, kiache dakika kumi, kichomoe ukishike. Lundo linalofanya kazi hufika nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi, na kijiti hakishikiki kwa raha. Joto hilo likidumu siku kadhaa, na lundo likageuzwa ili sehemu za nje nazo ziingie ndani, mbegu nyingi za magugu na vimelea hufa. Kijiti kikitoka baridi, muuzaji atasema imeiva. Huenda ni kweli. Huenda pia lundo lilikauka likasimama njiani. Mwombe anyweshee sehemu ndogo maji, aigeuze, nawe urudi baada ya siku chache. Ikipanda joto tena, haikuwa imeiva. Ilikuwa na kiu.

Wadudu nao wana la kusema. Ukungu mweupe kwenye malalo ni dalili njema, na minyoo ya ardhi huingia pale tu joto na amonia zinapokwisha. Funza wa nzi maana yake bado mbichi. Pwani, angalia mabuu manene meupe yaliyojikunja: yanaweza kuwa ya chonga, anayetoboa vilele vya minazi na kupenda kuzaliana kwenye malundo ya samadi. Mwenye minazi asiyapeleke nyumbani.

Ya kuku ni tajiri na ni ya kuogopwa, kwani ikiwa mbichi huunguza mizizi. Kuku wengi hulalia maranda, na maranda yasiyooza yakifukiwa hunyang'anya naitrojeni ya udongo, mimea ikawa ya manjano. Yaliyooza huvunjika kati ya vidole. Yaliyo mabichi hupinda na kurudi. Mwamuzi wa mwisho ni mchicha. Panda kwenye makopo mawili, moja lenye udongo mtupu, jingine lenye udongo na samadi nusu kwa nusu. Ndani ya siku kumi utaona kama miche inaota sawasawa au inaungua ncha, na magugu yaliyojificha yatajitokeza bila kuitwa.

Bei nayo ina hesabu yake. Samadi ya ng'ombe iliyo nzuri, nusu yake ikiwa maji na sehemu kavu ikiwa na asilimia 1.5 ya naitrojeni, inakupa kilo 7.5 kwa tani. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Ni tani tatu kwa mfuko mmoja, na si yote hutoka msimu wa kwanza. Ya hovyo, yenye asilimia 0.7, inakupa kilo 3.5 tu, na lori linakunywa mafuta yale yale. Muuzaji atajibu kwamba yurea haishiki maji wala hailainishi udongo, na hapo yuko sahihi kabisa. Ila hoja hiyo haigeuzi mchanga kuwa samadi. Usinunue mbichi kwa kilo, maana kinyesi kibichi cha ng'ombe ni maji kwa asilimia 80 hivi. Nunua kwa debe. Ikishafika, ifunike kwa majani ya migomba siku hiyo hiyo, na ukiitandaza shambani ifukie kabla jua halijaiwahi.