Tabia ya Nchi na Tabia ya Watu

Kwetu Mbamba Bay kuna maneno ambayo mtoto huyasikia kabla hajaanza shule. Watu wa ziwani ni wavivu kwa sababu ziwa linawalisha. Watu wa mlimani, yaani Wamatengo wa Mbinga, ni wachapakazi kwa sababu mlima hautoi kitu bure. Baba yangu ni Mnyasa na mama ni Mmatengo, kwa hiyo nimekua nikitaniwa kwamba nusu yangu inalala na nusu inalima. Ni utani tu, lakini una nadharia ndani yake: kwamba nchi ndiyo inayowapa watu tabia.

Nilipoanza masomo ya uzamili nilikutana na nadharia hiyohiyo katika kitabu cha falsafa kutoka Japani. Kinaitwa Fūdo, cha Watsuji Tetsurō, kilichotoka mwaka 1935. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Geoffrey Bownas ya mwaka 1961. Jina hilo limeundwa kwa herufi mbili: upepo na udongo. Neno letu lililo karibu nalo ni tabianchi, na nadhani ubora na ubovu wa kitabu hiki vyote vimo ndani ya neno hilo.

Nianze na ubora. Mwaka 1927 Watsuji alikuwa Ujerumani, akasoma Sein und Zeit ya Heidegger, ambayo ilikuwa imetoka mwaka huohuo. Aliona kwamba inamweleza binadamu zaidi kwa wakati, kana kwamba binadamu haishi mahali. Jibu lake linaanza na jambo dogo, baridi. Si kwamba sisi tupo kwanza, halafu baridi inakuja kutoka nje kutugusa. Tunapoihisi, tayari tumo ndani yake, tena pamoja na wenzetu. Tunasalimiana kwa kuitaja, tunawafunika watoto, tunajenga nyumba kwa kuifikiria. Ndani ya baridi tunajitambua kuwa ni sisi.

Aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa hahitaji kushawishiwa. Upepo wa mwera unapovuma, mitumbwi inavutwa juu mchangani, mwenye safari anaahirisha, dagaa wanapanda bei, na kina mama wanaulizana nani hajarudi. Hakuna anayesema amehisi mwera peke yake. Sijasoma mwanafalsafa mwingine aliyenieleza jambo hili vizuri hivyo.

Kisha kitabu kinapotea njia. Watsuji anaigawa dunia katika aina tatu za fūdo. Kuna nchi za monsuni, ambako unyevu na mvua vimewafanya watu kuwa wapokeaji na wavumilivu. Kuna jangwa, ambako ukame umewafanya watu wawe wapiganaji, wanaolitii kabila na Mungu mmoja. Na kuna malisho ya Ulaya, ambako maumbile ni mapole, hivyo watu wamepata nafasi ya kukuza akili na mantiki. Dini za watu bilioni kadhaa zinaelezwa kwa kiasi cha mvua. Ziwa letu sikuliona katika aina yoyote.

Aina hizo Watsuji alizipata safarini, alipokuwa akisafiri kwa meli kutoka Japani kwenda Ulaya mwaka 1927. Alipita bahari za China na India, akaiona milima mikavu ya Aden, akaingia Mediterania. Nilipomsimulia bibi yangu mzaa mama habari za msafiri huyu aliyezijua tabia za mataifa, aliniuliza swali moja tu: "Alishuka melini?"

Nilimjibu kwamba alishuka bandarini, na Ulaya alikaa zaidi ya mwaka. Lakini swali lake limebaki nami kuliko makala nyingi nilizosoma kuhusu kitabu hiki.

Ukiwa melini Ziwa Nyasa, milima ya upande wetu ni ukuta wa rangi ya bluu. Unaweza kuutazama ukuta huo ukabuni nadharia nzima juu ya watu wanaoishi nyuma yake. Usichoweza kukiona kutoka melini ni ngoro. Katika miteremko ya Umatengo, nyasi hukatwa na kuachwa zikauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, mfano wa wavu. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi. Panabaki shimo lililozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zinaoza kuwa mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Kwa desturi wanaume hukata nyasi na kuzipanga, na wanawake ndio huchimba. Bibi amechimba maisha yake yote.

Kwa nini watu walime mahali penye mteremko kiasi hicho? Maelezo yanayokubalika na wengi ni vita. Katikati ya karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwabana Wamatengo milimani, wakalazimika kuishi wengi kwenye eneo dogo. Kilimo cha ngoro kilikuwa njia yao ya kula bila kuumaliza udongo. Mwaka 1938 A. H. Pike alikiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kama mfano wa hifadhi ya udongo. Kwa hiyo hata ule uchapakazi wa Wamatengo haukutoka kwenye jiwe. Watu walikimbia, wakabuni, wakachimba, na mlima tunaouona leo ni kazi ya mikono yao.

Na uvivu wa watu wa ziwani? Mvuvi aliyelala saa sita mchana ametoka ziwani alfajiri. Mgeni anayepita mchana anaona usingizi, haoni usiku wa jana.

Hapo ndipo neno tabianchi linapotusaidia. Ni tabia ya nchi. Nchi inaweza kuwa na tabia: mvua zake, upepo wake, mteremko wake. Watsuji aliichukua tabia hiyo akaiweka moyoni mwa watu, na katikati akairuka historia pamoja na jembe.

Mtu anaweza kusema ni kosa la kitaaluma tu. Wajapani wenzake hawakuliona hivyo. Mwaka huohuo wa 1935, Tosaka Jun, mwanafalsafa wa mrengo wa Marx, alichapisha kitabu cha kuwakosoa waliokuwa wakiueleza Ujapani kama roho ya kale isiyobadilika, Watsuji akiwa mmojawao. Tosaka alifia gerezani Nagano tarehe 9 Agosti 1945. Watsuji, katika vitabu vyake vya maadili, alifundisha kwa kutumia wazo la Kibudha la utupu kwamba mtu hujikana na kurudi katika jumuiya, na jumuiya iliyo juu ya zote ni dola. Mwaka 1943 alichapisha kitabu juu ya mapokeo ya kumtukuza mfalme. Ukishasema watu ni zao la udongo wao, si vigumu kusema kwamba mwenye udongo ni mwenye watu.

Sisi tunaopenda kunukuu utu na ujamaa tusicheke haraka. Hapa Ruvuma, vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, RDA, vilivyoanzia Litowa, viliishi ujamaa kwa hiari na maamuzi ya wenyewe, kabla hata ya Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1969 chama tawala kilikivunja. "Sisi" ya wanakijiji ilimezwa na "sisi" kubwa zaidi, na yote mawili yaliitwa ujamaa.

Watsuji alifundisha Chuo Kikuu cha Kyoto hadi mwaka 1934. Katika miaka ya 1990 watafiti wa chuo hichohicho walikuja Mbinga, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kujifunza ngoro. Sidai kwamba walifuata nyayo zake. Lakini hawa walipanda miteremko kwa miguu, wakauliza, na wakajifunza neno la Kimatengo, ntambo: kipande cha mlima kati ya vijito viwili, ambamo ukoo huishi, hulima na huteka maji. Ntambo ni upepo na udongo pamoja na watu wake, bila kusema watu hao wana moyo wa namna gani. Ningependa Fūdo isomwe hivyo: kurasa za mwanzo kwa makini, ramani ya tabia za mataifa kwa mashaka.

Utani wa nyumbani nao bado unaendelea. Siku hizi nikiambiwa nusu yangu inalala, nauliza kwanza baba amerudi saa ngapi kutoka ziwani.