Uhuru wa Nani? Mji wa Frere Town katika Kitabu cha Mbotela

Kitabu cha James Juma Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa London mwaka 1934, kimehukumiwa mara nyingi kwa neno moja: kasumba. Hukumu hiyo haikosi msingi. Mwarabu wa kitabuni ni mkatili, Mwingereza ni mwokozi, na msimuliaji hachoki kushukuru. Lakini mhakiki anayeishia hapo ameyashika maudhui akaiacha lugha, na hapa lugha ndiyo inayotoboa siri.

Jina lenyewe ni ushahidi. Mtumwa ni nomino itokanayo na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: ni yule atumwaye, asiye na hiari. Kiunganifu -a kinamfanya mtu huyo kuwa mwenye kuumiliki uhuru. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1956 haikuukubali umilikaji huo. Jina lake lazungumzia kitendo cha kuwakomboa watumwa, yaani kazi ya mtu mwingine. Ajabu ni kwamba mfasiri hakukosea sana, kwani hilo ndilo linalosimuliwa ndani. Mateka hutolewa bara, hupakiwa jahazini, na manowari ndiyo inayogeuza mkondo wa kisa.

Mji wenyewe ulianzishwa na misheni ya CMS huko Kisauni mwaka 1875, ukapewa jina la Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshurutisha Sultani Barghash. (Naye pia alitumwa, ingawa hakuna aliyemwita mtumwa.) Mkataba wa mwaka ule ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko, haukuuondoa utumwa wa mashambani, ambao katika pwani ya Kenya ulidumu kisheria hadi 1907. Kwa miaka zaidi ya thelathini, basi, aliyekombolewa aliishi jirani na mtumwa wa shamba.

Wengi wa watumwa hao hawakuingoja manowari. Walitoroka hadi Rabai, na mwaka 1888 ikabainika kwamba watoro zaidi ya 1,400 walikuwa wakiishi katika vituo vya misheni. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya IBEA ikawalipa mabwana fidia, na watoro wakapewa hati. Uhuru waliokwisha kuutwaa kwa miguu yao wenyewe ukaandikwa upya kuwa zawadi. Kisa hiki kingelistahili jina la kitabu kuliko kisa cha meli yoyote ile.

Kwa nini, basi, mwandishi aliyetoka katika jamii hiyo aliielekeza sifa yote kwa wakombozi? Kusema kwamba alilishwa fikra za kikoloni ni kweli, lakini hakutoshi. Mombasa ya zama zake ilimpima mtu kwa nasaba. Thenashara Taifa walikuwa na mbari zao, Wamijikenda kaya zao. Aliyeletwa na meli hakuwa na babu ambaye jirani angemtambua kwa jina. Wamisheni, kama walivyoitwa, walikuwa na kisa kimoja cha asili, nacho kilianzia baharini. Shukrani ya Mbotela ni hati ya ukaazi, na iliandikwa mji ukiwa umeanza kufifia: shule ya wachungaji ilikuwa imehamishiwa Limuru mwaka 1930. Jambo hili haliwaponyi wahusika wake, ambao ni bapa na wasio na mgogoro wa nafsi. Lakini linaeleza kwa nini walichorwa hivyo, maana hati ya madai haikubali shaka.

Jina la Frere lingalipo kwenye ramani. Lakini mahali penyewe huitwa Kengeleni, kwa ajili ya kengele iliyopigwa kuwaita watu ibadani na kuwaonya wavamizi wakikaribia. Hapo hakutajwa mwokozi wala mwokolewa. Imetajwa sauti tu, pamoja na kiambishi cha mahali, na utingo wa matatu zivukazo daraja la Nyali hulinadi jina hilo kutwa kucha.