Kazimoto Mlangoni pa Manase

Kila tunaposahihisha insha kuhusu Kichwamaji, riwaya ya pili ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, majibu huja yakifanana: Kazimoto ni msomi aliyepotea, elimu ya kigeni imemtenga na jamii yake, na riwaya ni ya udhanaishi. Si uongo. Lakini jibu hilo humhurumia Kazimoto upesi mno, na tunaona chanzo chake ni usimulizi.

Kwa wanafunzi wetu wa Uganda huruma hiyo ina sababu zaidi. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na Kikerewe ni ndugu wa karibu wa Runyoro na Runyankole. Mwanafunzi aliyedhani kuwa riwaya ya Kiswahili lazima iwe na minazi na majahazi anakuta kijiji kinachofanana na chao, na kijana aliyetoka humo kwenda chuo kikuu kama yeye.

Kijana huyo anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Mwanzoni tunamkuta akisubiri kuingia ofisini kwa Manase, mkuu wa wilaya. Wawili hawa walikua pamoja. Leo mmoja yuko nyuma ya meza, mwingine yuko nje na raia wengine. Nani kati yetu hajawahi kusubiri hivyo? Tena tunaelezwa kwamba Manase alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Basi hukumu yetu imekwisha pita.

Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kuwasimamisha wasomaji. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Sabina amekosa nini? Kijana anayewadharau wakubwa wapya amekwisha jifunza desturi yao: ugomvi wa wanaume hulipwa kwa mwili wa mwanamke. Kijijini hawezi tena kuamini wanayoamini wazee, mjini hana cheo. Lakini katika jambo hili dunia zote mbili zinamkubali bila taabu. Baadaye anampenda Sabina na kumwoa. Hata hivyo mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kama yule wa Manase, na Kazimoto anajiua. Mwandishi amewaweka maadui hawa katika mizani moja. Ni msimulizi tu asiyependa tuitazame.

Wapo wanaomlaumu Kezilahabi kwa kuwanyima Rukia na Sabina sauti. Kwa Rukia tunamtetea: macho tuliyo nayo ni ya kaka yake tu, na kimya hicho kinamshtaki kaka huyo. Kwa Sabina utetezi wetu unalegea, maana hata akiwa mke, mawazo yake tunayapata kwa mbali mno.

Kwa sababu hiyo zoezi la muhula huu halitauliza maana ya udhanaishi. Wanafunzi wataandika kurasa mbili za maisha ya ndoa ile, msimulizi akiwa Sabina.