Dhahabu Nyuma ya Kichwa cha Mfalme

Shika sarafu ya shilingi 100 uliyorudishiwa sokoni hapa Kabingo, Uganda, uiinamishe juani. Ng'ombe wa Ankole anajitokeza, pembe zake zikitupa kivuli chembamba. Picha ya sarafu huishi kwa kivuli hicho.

Warumi walikipata kwa mkono. Fundi alichonga picha kinyumenyume ndani ya muhuri. Muhuri mmoja ulikaa kwenye fuawe, kipande cha dhahabu kikawekwa juu yake, kikafunikwa kwa muhuri wa pili, kisha nyundo ikashuka. Upande mmoja ulibeba kichwa cha mtawala, wa pili habari. Kaisari Augusto alipoiteka Misri mwaka 30 KK, sarafu yake ya dhahabu ilitoka na mamba. Hata asiyejua kusoma alielewa.

Ufundi huo ulishika mizizi Aksum, Ethiopia ya leo, ambako mfalme Endubis alianza kutoa sarafu mwishoni mwa karne ya 3. Bandari ya Aksum, Adulis, iko Eritrea. Kutoka nchi hizo mbili wamekuja baadhi ya majirani zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Sarafu za dhahabu za Aksum ziliandikwa Kigiriki, maana zilikwenda na wafanyabiashara wa ng'ambo. Picha, hata hivyo, ilikuwa ya Waaksum wenyewe: mfalme amezungukwa na masuke mawili ya nafaka. Mfalme Ezana alipopokea Ukristo katika karne ya 4, mwezi na duara vilivyokuwa juu ya kichwa viliondolewa, msalaba ukaingia.

Lakini kinachonigusa mno ni sarafu zao za shaba, zile za kununulia chakula. Kwenye nyingi, mafundi walitia dhahabu mahali padogo tu: nyuma ya kichwa cha mfalme, au katikati ya msalaba. Maana yake, baada ya nyundo kila sarafu ilirudi mikononi mwa mtu, akaweka utando wa dhahabu ndani ya nafasi ndogo kuliko ukucha. Kwa hesabu ya biashara ni kazi ya hasara. Mimi naiona kuwa ni heshima kwa mwenye senti moja, na maandishi ya baadhi ya sarafu hizo yananiunga mkono: hii na iipendeze nchi.

Kuna zilizochimbuliwa zikiwa zimeota ukijani, sura ya mfalme imelika. Nyuma ya kichwa bado panang'aa.