Kona Iliyokosa Nafasi Juu ya East River

Alasiri ya Oktoba 11, 2006, ndege ndogo aina ya Cirrus SR20 iligonga jengo refu la makazi liitwalo Belaire, katika mtaa wa 72 upande wa mashariki wa Manhattan, New York. Ndani mlikuwa na watu wawili: Cory Lidle, mrushaji wa timu ya besiboli ya New York Yankees, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye ndege, na mkufunzi wake wa urubani. Wote wawili walikufa. Walikuwa wameruka kutoka Teterboro, New Jersey, chini ya robo saa kabla ya hapo, wakashuka na mto Hudson hadi kwenye Sanamu ya Uhuru, kisha wakapanda na East River. Jioni ileile marubani walikwisha kugawanyika makundi. Wengine walishika tetesi kwamba kulikuwa na wito wa msaada kuhusu mafuta. Wengine walishuku injini. Wengine, na hawa ndio waliodumu miaka, walidai viongozo vilikwama na ndege ikawa haitii tena. Na kundi lililojiona lenye busara kuliko yote lilisema tu kwamba Lidle alikuwa mgeni, ana saa zisizofika mia angani, kwa hiyo hakuna cha kutafuta zaidi. Makundi haya yalionekana kupingana, lakini yote yalianza na swali lilelile: ni kitu gani, au ni nani, aliyeharibika? Kwa maoni yangu kulikuwa na swali la kulitangulia, tena la mtu mwenye kalamu na karatasi: je, ndege nzima, yenye rubani mzima, ingeweza kugeuza pale?

Ilibidi wageuze, au waombe ruhusa. Wakati ule ndege ndogo ziliruhusiwa kupita juu ya East River chini ya futi 1,100 bila kuzungumza na waongozaji wa safari za anga, lakini ukanda huo ulikuwa kama kichochoro kisichotokea upande wa pili: kaskazini mwa kisiwa cha Roosevelt unaishia kwenye anga la uwanja wa LaGuardia, ambamo huingii bila idhini. Mawingu yalikuwa ya chini kiasi, mwanga ulikuwa mzuri, na hakuna rekodi yoyote ya wao kuomba kuendelea mbele. Basi walipiga kona ya kushoto kurudi kusini. Rada iliwaona wakiianza wakiwa kwenye kimo cha takriban futi 700, mwendo noti 97, yaani karibu mita 50 kwa sekunde. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilipima nafasi iliyokuwapo pale ikapata futi 2,100, kama mita 640. Kwa mtu aliye chini ukingoni hizo ni nyingi. Kwa ndege ni sekunde 13 za safari.

Hapa ndipo fizikia inapotoa jibu lisilojali jina la rubani. Ukubwa wa duara ambalo ndege inalichora inapogeuka unategemea mambo mawili tu, mwendo wake na kiasi ilicholala ubavu. Uzito haumo, chapa ya ndege haimo. Kwa mwendo wa noti 97 na mlalo wa nyuzi 30, ambao marubani wengi wa ndege ndogo huufanya bila kufikiri, kona ya kurudi ulikotoka inataka upana wa mita 880 hivi. Mto haukuwa nazo. Kwa mlalo wa nyuzi 45, ule ambao mwanafunzi wa urubani Marekani hupimwa nao kwenye mtihani wa leseni ya kwanza, inataka kama mita 510. Hapo hewa ikiwa tulivu kona ingewezekana, lakini hewa haikuwa tulivu: upepo wa noti 13 ulivuma kutoka mashariki, na wao waligeukia magharibi. NTSB ilikadiria kwamba kona ikiendelea upepo ungeisukuma ndege futi 400 kuelekea kwenye majengo ya Manhattan. Tena hawakuwa wameambaa ukingo wa mashariki. Waliianza kona wakiwa ndani zaidi ya mto, na futi nyingine 400 hivi zikabaki nyuma ya mgongo wao bila kutumika. Toa ya kwanza, toa ya pili, zinabaki futi 1,300, kama mita 396. Ili kugeuza ndani ya nafasi hiyo, bodi ilisema, ndege ilihitaji mlalo usiobadilika wa nyuzi 53, huku mabawa yakibeba mara 1.66 ya uzito wake.

Nyuzi 53 si jambo lisilowezekana. Rubani hodari hulifanya. Ugumu umo kwenye neno "usiobadilika". Hakuna anayeingia kwenye mlalo huo kwa kufumba na kufumbua, na mtu anayetazama mandhari ya jiji huanza kona kwa upole. Tuseme theluthi ya kwanza ya kona ilipigwa kwa nyuzi 30. Kufikia hapo ndege imeshakula mita 220 kati ya zile 396, na imebaki na theluthi mbili za kugeuka ndani ya mita 176. Ukiifanya hesabu utaona mlalo unaodaiwa sasa ni nyuzi 65 hivi. Lakini mabawa yana kikomo. SR20 iliyobeba mzigo kamili hupoteza nguvu ya kuinua kwenye noti 65 hivi ikiwa imenyooka. Kadiri inavyolala na kuvutwa ndani ya kona, kikomo hicho hupanda, na kwenye mlalo wa nyuzi 65 kinafika noti 100. Wao walikuwa na 97. Hata tukiwapunguzia kwa kuwa walikuwa wawili tu ndani, ukingo uliobaki ni mwembamba mno. Kwa maneno mengine, kosa la mwanzo wa kona haliwezi kulipwa kwa ujasiri wa mwisho wake: ukilegeza kona unagonga ukuta, ukiikaza mabawa yanaacha kukubeba.

Wanaoshikilia kwamba viongozo vilikwama wana hoja ya haki, na haifai kupuuzwa kwa sababu tu ilifika mahakamani ikashindwa. Wanasema: hesabu inaonyesha kona ilikuwa ngumu, haionyeshi kwamba ndege ilikuwa nzima, na ndege ambayo viongozo vyake vimekwama ikiwa imelala kushoto ingeacha rada alama zinazofanana na hizo. Ni kweli, alama za rada peke yake haziwezi kuzitenganisha hali hizo mbili. Lakini dhana hiyo inabeba mizigo miwili. Kwanza inahitaji ushahidi wake yenyewe, na wachunguzi hawakupata kwenye mabaki dalili ya hitilafu iliyotangulia mgongano, wala hakukuwa na wito wa msaada uliorekodiwa. Pili, na hili kwangu ndilo zito zaidi, inabidi ieleze kwa nini hitilafu ilichagua nukta ileile ambapo ndege isiyo na hitilafu ingekuwa taabuni. Pale ambapo upana, upepo na mwendo vinatosha kuleta ajali, kuongeza chuma kilichokwama ni kuongeza kitu ambacho hakuna kinachokidai. Familia zilishtaki kiwanda cha Cirrus, na mwezi Mei 2011 baraza la mahakama huko New York liliamua kwamba kiwanda hakikuwajibika kwa ajali hiyo. Uamuzi wa baraza si kipimo cha maabara, siutegemei. Nautaja kwa kuwa ndipo dhana hiyo ilipopewa nafasi kamili ya kujieleza.

Kuna wanaouliza kuhusu parachuti, maana Cirrus hubeba parachuti ya kuishusha ndege nzima. Kwenye futi 700, ndani ya kona kali, katikati ya majengo, ilikuwa tumaini dogo.

Kundi la ugeni wa Lidle nalo halifiki mbali. Pembeni yake alikaa mkufunzi, na NTSB haikuweza kubaini ni nani kati yao aliyeshika viongozo. Ndiyo maana hitimisho lake la Mei 2007 lilitumia wingi: upungufu wa mipango, uamuzi na ustadi wa marubani hao katika kugeuza ndani ya nafasi finyu. Mipango imetajwa kwanza, na ndivyo hesabu inavyosema. Kwa upepo uleule na mwendo uleule, wangeanzia ukingoni kabisa mwa mashariki wangehitaji nyuzi 44 au 45. Wangevuka kwanza hadi upande wa Manhattan, wakageukia kulia dhidi ya upepo, nyuzi 34 zingetosha, ingawa hapo wangekuwa kwenye njia ya ndege zinazoshuka kusini. Wangepunguza mwendo hadi noti 80, hata mahali walipokuwa, mlalo ungeshuka hadi nyuzi 41 kabla ya kuongeza kidogo kwa ajili ya upepo kuwasukuma kwa muda mrefu zaidi. Maamuzi yote hayo hufanywa kabla bawa halijalala, na mkufunzi aliyetoka California hakuwa na sababu ya kuujua mto huu kuliko mwanafunzi wake.

Siku mbili baada ya ajali, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilizuia ndege za mabawa kupita kwenye ukanda huo bila idhini na mawasiliano na waongozaji. Helikopta na ndege zinazotua majini ziliachwa. Hakuna SR20 iliyorudishwa kiwandani kwa amri hiyo. Rubani anayezungumza na LaGuardia anaweza kuruhusiwa kunyoosha kaskazini, na akinyoosha hahitaji kugeuza juu ya mto.