Msuli usioletwa hausomwi

Sizunguki mbuyu: mgonjwa yule hakupaswa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mliokuwepo kwenye kikao cha kesi mliiona slaidi ukutani, na mliona tulivyoipita mbio. Naomba turudi palepale.

Mama mkulima wa mpunga, upande wa Kahama, hajafikisha miaka 50, anakojoa damu. Sistoskopi inaonyesha uvimbe kwenye kibofu. Hospitali siitaji. Daktari wa upasuaji akaukwangua, damu akaizuia vizuri, hapo sina neno. Chupa ya fomalini ikafika maabara na vipande vya ukubwa wa punje za mchele. Chini ya hadubini: saratani ya seli bapa, mayai ya kichocho yenye mwiba mkiani, basi. Hata uzi mmoja wa msuli wa kibofu haumo. Mwanapatholojia akaandika kwa uaminifu kwamba uvamizi wa msuli haukuonekana, na kwamba msuli wenyewe haumo kwenye sampuli. Daktari akaishia nusu ya kwanza, akaandika T1, yaani msuli haujaingiliwa, akapanga marudio baada ya miezi 6.

Mechi ilipotea hapo. Uvamizi haukuonekana kwa sababu msuli haukuletwa! Sampuli isiyo na msuli haijajibu kitu. Inadai ukwanguaji wa pili, wa kina, ndani ya wiki 2 hadi 6. Tena ishara ilikuwa mezani: ultrasaundi ilishaonyesha figo ya kushoto imetanuka. Uvimbe wa kibofu ukishabana mrija wa figo, mara nyingi msuli umeshaliwa.

Na kwetu kosa hili ni zito zaidi. Rambau na wenzake wa Bugando walichapa mwaka 2013 mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Seli bapa zilikuwa 55.1%. Saratani zenye kichocho nyingi zilikuwa zimeshaingia msulini zilipogunduliwa, na ziliwapata zaidi walio chini ya miaka 50. Someni tena maelezo ya yule mama.

Kuna waliojitetea kwa jedwali la alama la Ulaya la mwaka 2006. Jedwali lile linahesabu idadi ya uvimbe, ukubwa, kujirudia na daraja, kwa saratani za seli za mpito ambazo hazijaingia msulini. Kumpimia mgonjwa huyu ni kupima mafuta ya taa kwa futi kamba.

Wazee wa kazi walikwenda moja kwa moja kwenye nyama. Ghoneim wa Mansoura, huko Misri iliyoteswa na kichocho, alichapa mwaka 1997 matokeo ya wagonjwa 1,026 waliotolewa kibofu. Vilivyobaki kutabiri nani ataishi ni vitatu: kina cha uvamizi, daraja la seli na tezi za limfu. Cha kwanza ndicho tulichokikisia.

 

Yule mama alirudi mwezi wa nne, kabla ya tarehe yake. Safari hii msuli ulikuwemo kwenye chupa, na saratani ndani yake.