"Kufifisha Ndani" si Istilahi

Nilipokuwa Mabamba, wilayani Kibondo, ulinifikia mwongozo wa kuhariri sauti kwa kompyuta, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza na kugawiwa vijana watayarishao matangazo. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya kusifiwa. Mfasiri hakukimbilia kutohoa kila neno lililomshinda, na maelezo yake ya kupanga vipande vya sauti yanasomeka bila taabu. Walakini ameteleza mahali pamoja. Sauti inayoanza chini na kuongezeka ameiita "kufifisha ndani". Ile inayopungua hadi kimya ameiita "kufifisha nje".

Kosa hilo lilifika hadi sokoni. Kijana mmoja alirekodi tangazo la chanjo ya mbuzi, lenye muziki nyuma yake, lipigwe kwa kipaza sauti juu ya pikipiki. Maneno ya mwisho yaliwataka wafugaji wawalete mbuzi wao kesho kutwa. Kijana alidhani "ndani" ni ndani ya maneno na "nje" ni nje yake. Basi akaanza kuififisha sauti msemaji angali akisema. "Kutwa" ikamezwa, ikabaki "kesho". Wafugaji walifika siku moja kabla, wakarudi na mbuzi wao. Sikuweza kumlaumu kijana, maana alikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Kufifia, katika Kiswahili, huelekea upande mmoja tu. Rangi ya kitenge hufifia, nuru hufifia, na sauti ya mtu aendaye zake hufifia. Hakuna kitu kififiacho kikazidi. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mielekeo yote miwili na kuitofautisha kwa vihusishi; mfasiri wetu akavihamisha vihusishi hivyo vikiwa vibichi, bila kujiuliza kama Kiswahili kina haja navyo.

Wapo watakaopendekeza "kupandisha" na "kushusha". Ni maneno mepesi, lakini walimu wa lugha hutumia kupanda na kushuka kwa kiimbo, na mwimbaji akiambiwa apandishe sauti huenda akaifanya nyembamba badala ya kuiongeza nguvu. Mimi naona jibu tunalo katika rangi zile zile. Kinyume cha rangi iliyofifia ni rangi iliyokolea. Basi sauti na ikolezwe mwanzoni, ififishwe mwishoni. Tuwe na mkolezo na mfifisho. Kuzima kubaki na maana yake ya kukatisha mara moja, kama taa izimwavyo.

Lipo jambo la tatu, ambalo mwongozo unalipitia juu juu: sauti moja kufifia huku nyingine ikikolea mahali pale pale. Jambo hili halikuzaliwa na kompyuta. Enzi za utepe, fundi alikata kwa wembe kwa mshazari, kisha akaunga vipande. Utepe wenye upana wa milimita 6 na zaidi kidogo, ukikatwa kwa nyuzi 45 na kuzungushwa kwa sentimita 38 kwa sekunde, hupita kwenye maungio kwa muda wa kama sehemu moja ya sitini ya sekunde, na katika muda huo sauti ya kwanza huipisha ya pili. Kompyuta nayo, hata inapohifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, hutoa mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika endapo wimbi limekatwa katikati. Mfifisho wa sehemu chache za elfu za sekunde huuondoa. Jina la jambo hili liwe mpishano. Najua kupishana ni pia kukosana njiani, na huenda mtu akaleta neno bora. Hata hivyo magari mawili katika barabara nyembamba hupishana bila kukosana.

Ama ule ukurasa wa mwongozo, ungetosha kuandikwa hivi: "Koleza muziki kabla msemaji hajaanza. Ufifishe baada ya neno lake la mwisho. Maneno yake usiyaguse."